Mrejesho: Vyura, mijusi na nyoka kwenye eneo la kiwanda, Kibaha

Wakuu, kabla ya masika niliuliza namna ya kukagua vyura, mijusi na nyoka kwenye eneo linalotarajiwa kujengwa kiwanda huku Kibaha. Asanteni sana. Aliyesema tuzunguke na tochi usiku baada ya mvua, tukifuata sauti kwenye madimbwi, ndiye aliyetuokoa: vyura karibu wote wa orodha yetu tuliwapata hivyo. Ndoo za kufukia ardhini kama mitego, zenye uzio wa nailoni wa kuwaelekeza wanyama watumbukie, zilinasa mijusi, lakini usiku wa pili siafu waliingia wakaua waliokuwemo. Iliniuma sana. Tukazihamisha mbali na njia yao, na kila alfajiri tukawa tunazikagua. Nyoka ndio tumeshindwa: wawili tu, wote chini ya magogo. Ripoti ya mazingira inasema hivyo wazi, na tumeomba kurudi wakati wa vuli.