Kaweka kikombe cha chai juu ya faili langu la kupanda cheo!

Mwalimu wa Wodini:
Wakuu, naandika huku natetemeka. Ndiyo kwanza nimetoka kikaoni. Yule mzee mnamjua, wa chuo kile mnachokijua, simtaji. Aliyewahi kukaa darasani kwake hata siku moja kashamtambua.

Miaka kumi na moja nafundisha madaktari na wauguzi. Faili la kuombea uprofesa mshiriki lina kurasa 212, nimelipandisha ghorofani kama gunia la mkaa. Mle kuna mtaala wa mwaka wa tatu nilioufumua nikausuka upya. Kuna mtihani wa OSCE, ule wa vitendo ambao mwanafunzi anapita kituo hadi kituo akipimwa, nilioujenga kituo kwa kituo. Kuna barua za vyuo viwili vilivyouchukua na kuutumia kwao. Mzee kafunua ukurasa mmoja, kafunika, kaagiza chai. Chai ilipokuja akaweka kikombe JUU YA FAILI, kisha: "Kufundisha kila mtu anafundisha. Utafiti wako uko wapi?"

Kikombe, wakuu! Meza ndefu kama Uwanja wa Mkapa, kaona faili langu ndiyo kisosi!

Hiyo OSCE anayoisimamia kila mwaka haikushuka na mvua. Harden, mwalimu wa udaktari, na wenzake kule Dundee, Uskoti, waliiandika 1975, na upimaji wa wanafunzi wa udaktari haukuwa tena ule ule. Ule ulikuwa utafiti wa kufundisha! Boyer, msomi wa mambo ya elimu kule Marekani, alishasema 1990 kuwa usomi una sura nne: kugundua, kuunganisha maarifa, kuyatumia, na kufundisha. Zaidi ya miaka thelathini, habari hiyo haijapanda ngazi za jengo letu. Ningepima mkojo wa panya arobaini ningekuwa profesa zamani.

Na alama imebaki. Duara la kahawia, katikati ya jina langu. Nimefuta kwa kitambaa, ndiyo kwanza linatanuka.

Kalamu Butu:
Huyo mzee! Mimi nikiwasilisha alikuwa anakata kucha. Alimaliza vidole vyote kumi, akanambia muda umeisha.

Mkuki kwa Nguruwe:
Pole mkuu, ila kurasa 212? Hata mimi ningeagiza chai.

Mwalimu wa Wodini:
Anywe, nani kamkataza? Aweke kikombe mezani! Lile ni jina langu!

Bi Darubini:
Mdogo wangu, nimeshakaa kamati hizo. Ukiwaorodheshea saa ulizofundisha wanaona kibarua tu. Glassick na wenzake, walioendeleza kazi ya Boyer, walitoa vigezo sita vya kupima usomi mwaka 1997: malengo yaliyo wazi, maandalizi ya kutosha, mbinu zinazofaa, matokeo yenye uzito, uwasilishaji mzuri, na kujihakiki mwenyewe. Andika maelezo ya kurasa tatu ukifuata hivyo, mengine yote yawe viambatisho. Na zile barua za vyuo viwili weka mbele kabisa, maana ndizo zinazoonyesha kazi yako imevuka geti la chuo.

Mwalimu wa Wodini:
Zilikuwa mbele kabisa, dada. Ndizo zilizolowa.

Sindano Baridi:
Mnalilia vikombe! Sisi walimu wa uuguzi barua za kupanda cheo tunazo, mshahara ule ule. Malimbikizo mwaka wa pili huu hatujaona hata senti.

Kalamu Butu:
Wa pili? Mimi wa nne. Kila nikienda utumishi naambiwa faili liko mezani kwa mtu aliye safarini.

Intani Mchovu:
Na posho zetu je? Mwenye nyumba kaanza kunisalimia kwa jina la mwezi.

Mkuki kwa Nguruwe:
Hivi chai ya jengo lile bado wanatia tangawizi?

Sindano Baridi:
Waliacha zamani. Siku hizi ni maji ya rangi, na andazi limekuwa la kumeza kama kidonge, moja mara tatu.

Kalamu Butu:
Andazi shilingi ngapi sasa?