Jengo la gazeti kwenye ramani ya simu naona paa tu, nataka kumuonyesha baba

MwanaWaLangoni
Assalaam alaykum jamaa, naomba msaada. Baba yangu kauza magazeti hapa Lamu miaka thalathini na moja, pale karibu na Mkunguni. Yalikuwa yakishushwa Mokowe halafu yanavushwa kwa boti, mafungu yamefungwa kamba, na lile gazeti la juu kabisa kila siku limerowa maji ya chumvi, analianika barazani ndio anaanza kuuza. Sasa macho yamepungua, miguu haimpeleki mbali, na Nairobi hajafika hata siku moja. Juzi kaniuliza hao wenye gazeti ofisi yao ikoje. Nikafungua ramani nikaweka picha ya setelaiti, nikatafuta Nation Centre, ofisi za gazeti la Nation pale Kimathi Street, Nairobi, ikaja, lakini ninachoona ni mapaa, duara mbili kama vifuniko vya sufuria na jengo lenyewe kama limelala ubavu. Baba akasogeza simu karibu na uso akauliza, "Magazeti yanatokea mlango gani?" Sikuwa na jibu. Nifanyeje nilione jengo zima, na huo mlango ni upi?

BintiShela
Wa alaykum salaam kaka, mpe mzee salamu zangu, mi nilikuwa nikitumwa kwake gazeti nikiwa mdogo. Hizo duara mbili ndio zenyewe, ni minara miwili, iliisha kujengwa 1997. Kulala ubavu ni kwa sababu setelaiti ilipiga picha ikiwa pembeni kidogo, haikuwa juu yake sawasawa, na gorofa zote ndefu zinatoka hivyo. Ukitaka uso wa jengo bonyeza hapo barabarani na kidole usikitoe mpaka ile alama itue, itatokea picha ndogo chini pembeni, ifungue hiyo, utakuwa kama umesimama Kimathi Street unageuka huku na huku. Bando liwe la kutosha lakini.

Mkomani wa Zamani
Mwanangu, babako kauliza swali la mtu anayejua kazi. Jibu ni kwamba hapo hakuna mlango huo! Pale mjini ni waandishi na wahariri na watu wa matangazo, gazeti lenyewe halichapwi pale, siku hizi mtambo wa kuchapisha uko Mombasa Road. Kwa hivyo toka hapo Kimathi Street, fuata barabara kuelekea uwanja wa ndege na utafute paa refu pana lisilo na gorofa, lenye uwanja wa magari kuingia na kutoka. Hiyo ndiyo nyumba ya gazeti kwa mtu anayeliuza.

Na si Kenya peke yake. New York Times wana jengo la gorofa 52 pale Eighth Avenue, walihamia 2007, ukiliangalia vizuri utaona kauwanja kadogo ka miti katikati ya majengo, lakini gazeti linachapwa College Point, Queens, mbali na hapo. Zamani ilikuwa vyote pamoja, waandishi juu mashine chini, na hapa ndipo sisi watu wa visiwa tunaelewa haraka kuliko wengine, manake karatasi ya gazeti ni mzito sana na huja imeviringwa mabunda makubwa, sasa utaibeba na nini kama si chombo? Chicago Sun-Times walijenga ukingoni mwa mto, karatasi inashushwa gatini kwao. Miami Herald walikaa ufuoni kabisa, Biscayne Bay. Kama una kompyuta fungua Google Earth, bonyeza ile alama ya saa urudi miaka ya nyuma, utaliona jengo la Miami limekaa pembeni mwa maji, halafu songa mbele pole pole, baada ya 2015 ni kiwanja kitupu. La Chicago pia lilibomolewa, leo pamesimama Trump Tower. Mi nilipoliona lile la Miami linatoka kwenye picha niliumia, na sijawahi kulisoma hilo gazeti.

Pwani Tupu
Mwambieni mzee pia lile gazeti lingine, Standard, lilizaliwa pwani, Mombasa, 1902, lilianzishwa na mfanyabiashara Jeevanjee. Nairobi lilihamia 1910.

MwanaWaLangoni
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Ya barabarani imefungua, baba kaiangalia minara kwa muda mrefu kweli, na hiyo ya Standard kanambia anaijua tangu zamani. Halafu tukaenda Mombasa Road, nimehangaika kidogo ila paa refu nimelipata, nikamzumia mpaka mwisho. Lakini uwanja mweupe, magari mawili matatu tu yamekaa pembeni. Nikadhani nimekosea.

Ikawa yeye ndiye ananifundisha. Kaniuliza kibla kiko wapi kwenye hii picha, nikamwambia juu ya ramani ni kaskazini, yaani kibla ni huko juu. Akaweka kidole kwenye kivuli cha ukuta, kimeangukia kushoto, kifupi. Akasema basi jua liko mashariki na limeshapanda, hii ni saa ya dhuha.

Mkomani wa Zamani
Kapatia! Setelaiti nyingi za picha hupita saa nne, saa nne na nusu asubuhi. Na magazeti huchapwa usiku.

MwanaWaLangoni
Nimemsomea hilo. Kasema, "Wameshaondoka tangu alfajiri. Saa hiyo mimi niko gatini, naangalia boti ya Mokowe."