Mrejesho: binti yangu wa miezi 10 aliyegoma kula

Habari zenu. Mtakumbuka niliomba ushauri: mtoto anatema uji, ukimpa wali anafumba mdomo, anataka ziwa tu. Asanteni wote, hata yule dada aliyenifokea kwa kumkaba mtoto uji kwa nguvu. Alisema kweli. Nilifundishwa na mama mkwe, na kwa mama mkwe mtu unabisha?

Kumbe tatizo lilikuwa uji wenyewe, nao ulikuwa maji matupu. Niliukoroga mwepesi ili upite kwenye chuchu ya chupa. Mtoto tumbo linajaa, nguvu hapati. Sasa naupika mzito, ukiinamisha kijiko haumwagiki, naweka na kijiko cha karanga za kusaga. Chupa nimeitupa, natumia kikombe na kijiko. Mchana namponda viazi vitamu na mchicha, juu nanyunyiza unga wa dagaa niliowatoa vichwa na kuwakaanga bila mafuta. Jikoni kwangu hapa Mbagala kunanuka soko zima la samaki la Feri, lakini anakula! Ziwa bado nampa kama kawaida, ila si dakika mbili kabla ya chakula.

Kliniki juzi: kilo 7.9 kutoka 7.6 mwezi uliopita. Mstari kwenye kadi ulikuwa umelala, sasa umeinuka. Nesi kaniambia niendelee hivyohivyo.

Ndizi bado anazirusha chini. Halafu siku hizi ananipokonya kijiko ajilishe mwenyewe, mkeka unageuka shamba. Wa kwenu mliwaacha tu, au?