VAT ya Afrika Kusini kwa wawindaji wa Lubumbashi: ipi inarudi, ipi haitarudi?

Mto_Kafubu

Jambo wakubwa. Tuko watu wanne wa L'shi, mwezi wa saba tunaenda kuwinda Limpopo siku saba: tandala, swala pala, na mmoja wetu anataka mbogo. Watatu tunarudi kwa ndege hadi Luano (airport ya L'shi), mmoja atarudi na gari kwa barabara. Kampuni ya uwindaji imetutumia bei: ada ya siku, ada ya kila mnyama, kazi ya kukausha nyara, na chini kabisa "VAT 15%". Tukiwa kule tunataka kununua darubini, darubini ya bunduki, viatu, makoti, risasi, na pengine bunduki moja. Kuna anayesema VAT yote inarudishwa airport. Ni kweli? Na DGDA (duane, yaani forodha ya Congo) watatutoza tena tukifika?

FaktireSafi

Si yote, mkubwa. Sehemu kubwa ya pesa mtakayotumia haitarudi.

Kinachorudi ni VAT ya *kitu* unachotoka nacho nchini. Huduma iliyoliwa kule imekwisha: ada ya siku, malazi, chakula, gari la porini, mwongozaji. Hapo 15% ihesabuni kama gharama tangu siku ya kupanga bajeti. Ada ya mnyama someni mkataba: VAT iko ndani ya bei au inaongezwa juu? Wengi huandika bei kwa dola, na VAT inaonekana siku ya kufunga hesabu.

Kwa vitu vya dukani, masharti ni haya. Uwe na pasipoti ya kigeni na usiwe mkazi wa Afrika Kusini. Jumla ya vitu unavyotoka navyo ipite randi 250 pamoja na VAT. Vitoke nchini ndani ya siku 90 tangu tarehe ya faktire (ankara). Faktire iwe ya asili (picha ya simu haisaidii), iwe na maneno "Tax Invoice", jina na namba ya VAT ya muuzaji, namba ya faktire, tarehe, maelezo ya kitu na VAT yenyewe. Ikipita randi 5,000 lazima iwe na jina na anwani ya mnunuzi pia. Hapo ndipo watu wanapoumia: duka linatoa karatasi ndogo ya mashine, mtu anaridhika, kumbe ni ya darubini ya randi 23,000 na haina jina lake. Simama kaunta, toa pasipoti, waandike jina kama lilivyo humo, na Lubumbashi kama anwani. Ndugu anayeishi Joburg asinunue kwa jina lake halafu wewe ndiye udai.

Hesabu: usichukue 15% ya bei ya mwisho. Ni 15/115. Randi 23,000 ina VAT ya 3,000, si 3,450. Toa na ada ya wanaoshughulikia marudisho. Na duka dogo ambalo halijasajiliwa kwa VAT halikutozi VAT, kwa hiyo hakuna cha kurudishwa, hata bei ikiwa kubwa.

Siku 90 zinahesabiwa toka tarehe ya faktire, si siku mliyoingia nchini. Ukilipia darubini ya bunduki toka huku na faktire ikatoka tarehe 10 mwezi wa tatu, siku zinaisha tarehe 8 mwezi wa sita. Mwezi wa saba umeshachelewa. Nunueni mkiwa kule.

Duane_Mstaafu

Naongezea ya airport, maana ni hapo hapo OR Tambo, Johannesburg, watu wanapopoteza pesa wakiwa na karatasi safi mkononi.

Usikabidhi valizi kabla vitu havijaonwa. Utaratibu ni: kwanza dirisha la VAT refund na duane, upande wa nje, kabla ya check-in, unaonyesha kitu, pasipoti na faktire, faktire inapigwa muhuri. Kisha ndiyo unakabidhi mizigo. Ukishapita uhamiaji unakwenda dirisha la malipo na karatasi zako zenye muhuri. Valizi ikishaingia kwenye mkanda, ofisa hana cha kuona na hatapiga muhuri. Visu hatari zaidi: haviruhusiwi kwenye mkoba wa mkononi, kwa hiyo vikishaenda vimekwenda. Pangeni vitu vya kudai juu kabisa ya valizi, namba ya darubini ionekane bila kufukua soksi.

Bunduki zina dirisha lao la polisi, tofauti kabisa na hili. Ile fomu ya SAPS 520 (ya polisi wa Afrika Kusini) mliyoingilia nayo, na kibali mlichopewa, ndivyo vitakavyolinganishwa na namba za bunduki wakati wa kutoka. Madirisha mawili, foleni mbili. Masaa mawili hayatoshi.

Risasi ziwe kwenye faktire yake peke yake. Faktire ikisema 60 na umebaki na 20, vitu na karatasi havilingani, na zilizopigwa zimetumika kule kule, hazidaiwi. Ukizichanganya na viatu na koti, unaichafua faktire nzima. Kumbuka pia kikomo cha kuingia nazo kutoka huku ni risasi 200 kwa kila bunduki.

Bunduki mpya ni habari nyingine. Mgeni haondoki nayo dukani kama koti. Mwombe muuzaji aisafirishe yeye mwenyewe hadi Congo, kwa vibali vya pande zote mbili. Hapo mauzo yanakuwa ya kusafirisha nje moja kwa moja, VAT ni sifuri tangu faktire, na huna haja ya dirisha lolote. Ila mkipitisha risiti ya 15% kwanza "halafu tutaona", mmejifunga.

Nyara ni hivyo hivyo. Kichwa cha tandala hakikaushwi kwa siku saba, ni miezi. Siku 90 zitapita, na kazi ya fundi ni huduma, dirisha la airport halilipi huduma. Kabla ya kutoa amana, muulize fundi kwa maandishi: nani ataandikwa kama msafirishaji? Akiwa yeye, faktire inaweza kutoka bila VAT. Mkisema "tutatuma mtu aje achukue", mtalipa 15%.

Transit_Kasumbalesa

Mwenye gari: VAT ya Afrika Kusini inashughulikiwa pale anapotoka Afrika Kusini, yaani Beitbridge kama anapita Zimbabwe. Akifika Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo, na faktire zisizo na muhuri, amechelewa kwa nchi mbili. Pale mpakani asimame duane, aonyeshe vitu, agongewe muhuri. Maombi yanakwenda na fomu VAT 255. Abaki na nakala ya kila karatasi. Bunduki zikipita kwa barabara zinahitaji vibali vya Zimbabwe na Zambia, kwa hiyo ni heri ziende na ndege.

Sasa DGDA. Ndiyo, kitu kipya kinatozwa: ushuru wa kuingiza, halafu TVA (VAT ya Congo) 16% juu ya thamani pamoja na ushuru. Tuseme thamani ni dola 1,200 na ushuru 10%: ushuru 120, TVA ni 16% ya 1,320, yaani 211.20. Jumla 331.20. Kwa hiyo marudisho ya kule si faida mfukoni, yanapunguza tu maumivu.

Lakini msitozwe juu ya VAT mliyorudishiwa. GATT (mkataba wa kimataifa wa biashara na ushuru), kifungu cha 7, inasema thamani ya duane isihesabu kodi ya ndani ya nchi ya mauzo ambayo kitu kimeondolewa au kimerudishiwa. Darubini ya randi 23,000 thamani yake ni 20,000. Onyesha karatasi ya marudisho, na uongee kwa upole.

Na vya zamani: kabla ya kuondoka Luano, andikisheni kwa DGDA bunduki, darubini na kamera zenu kwa namba. Bila hiyo karatasi, siku ya kurudi utathibitisha vipi kwamba bunduki si mpya?

Mama_Valizi

Kwa wanaopitia Ulaya au Dubai: Ufaransa TVA ni 20%, détaxe (kurudishiwa TVA) ni kwa manunuzi yanayopita euro 100 duka moja, ila silaha hazimo. Uingereza, dukani haipo tena tangu 1 Januari 2021. Mpaka duka likutumie mzigo nje. Dubai VAT ni 5%, kuanzia dirham 250, na unarudishiwa sehemu kubwa ya VAT ukitoa dirham 4.80 kwa kila faktire. Kwa viatu tu, hesabu kama foleni inastahili.

Mto_Kafubu

Asanteni sana. Moja tu: darubini nitakuwa nimeitumia porini siku saba. Watakataa kwa sababu si mpya?

Duane_Mstaafu

Hapana. Wanataka kuona kitu kipo, namba inalingana, na kinatoka. Ivae shingoni ukipenda, ila simama nayo kwenye lile dirisha la nje kabla hujapita uhamiaji. Boksi unaweza kuliacha Limpopo, faktire usiiache.