LabVIEW, Pure Data au GNU Radio kwa jenereta ya mawimbi: ipi?

dogo_wa_ubungo
Habari za jioni wakuu. Nataka kuunda jenereta ndogo ya mawimbi ya umeme kwa zile programu za kuunganisha visanduku kwa nyaya, bila kuandika kodi. Nimesikia LabVIEW, Pure Data na GNU Radio. Ipi nzuri? Natakiwa niamue kabla ya Jumatatu.

fundi_msimbazi
Nzuri kwa kazi gani, dogo? Mawimbi gani, frikwensi mpaka wapi, yaonekane kwenye skrini tu au volti zitoke nje? Laptopu ina RAM kiasi gani? Unaulizia gari bila kusema unabeba nini.

dogo_wa_ubungo
RAM 4GB, Windows 10. Sini, mraba na pembetatu. Kazi ya chuo.

Bi_Saketi
Chukua LabVIEW. Unaweka Basic Function Generator ndani ya While Loop, unaunganisha vitufe vya frikwensi na ukubwa, unapeleka kwenye Waveform Graph, kwisha kazi. Kisanduku hicho kinakumbuka wimbi liliishia wapi, kwa hiyo mzunguko unaofuata unaendelea pale pale. Ukipiga hesabu ya sini mwenyewe itabidi awamu (pale wimbi lilipofikia) uibebe kwa shift register, kile kisanduku cha kupeleka thamani kwenye mzunguko unaofuata, la sivyo utaona mikato kwenye grafu.

puredata_mbagala
Dada, kwa RAM 4GB unamtesa mtoto wa watu. Pure Data ni nyepesi na ya bure. Unaandika osc~ 440 (sini ya 440 Hz), chini yake *~ 0.1 ya kupunguza sauti, chini yake dac~ ya kuitoa nje, sini inalia kwenye spika. Msumeno ni phasor~. Hiyo 0.1 usiiruke kama umevaa hedifoni. Halafu LabVIEW ya bure, ile Community iliyotoka 2020, masharti yake ni matumizi binafsi: si biashara, si kazi za chuo. Dogo kashasema ni ya chuo.

Bi_Saketi
Basi atumie ya wanafunzi, aulize chuoni kama leseni ipo. Kiwandani nani atamuuliza Pure Data? Hiyo ya wanamuziki.

puredata_mbagala
Miller Puckette aliiandika kwa ajili ya muziki, sikatai. Sini yake ina kasoro gani?

mzee_wa_oskilo
Ngoja niwaambie LabVIEW ilichonifanyia. Kazi yote niliijenga nyumbani Kimara kwenye toleo jipya. Siku ya kuwasilisha, kompyuta ya maabara ina toleo la zamani, faili likagoma kufunguka. Ipo amri ya kuhifadhi kwa toleo la nyuma, lakini unaitoa kwenye kompyuta yenye toleo jipya, na yangu ni ya mezani, iko Kimara. Nikapanda bodaboda, foleni ya Barabara ya Morogoro mnaijua. Nafika, umeme hakuna. Nikakaa kibarazani na jirani tunausubiri, wapi! Narudi chuoni, kundi jingine lishaanza. Nikapangiwa siku nyingine na alama zikakatwa kwa kuchelewa. Tangu hapo sina hamu nayo.

kigamboni_volt
Pole sana mzee. GNU Radio mbona mmeisahau? Signal Source ya kutoa wimbi, Throttle ya kuzuia kasi, QT GUI Time Sink ya kulichora. Bila Throttle na bila kifaa chochote, prosesa inakimbizwa mpaka feni inalia. Ukipeleka kwenye kadi ya sauti ndiyo unaiondoa, maana kadi yenyewe inapanga mwendo.

fundi_msimbazi
Dogo hajajibu frikwensi mpaka sasa.

dogo_wa_ubungo
Samahani wakuu, nilikuwa kwenye daladala. Mwalimu kasema mpaka 50 kHz, itoke nje iingie kwenye saketi ya kichujio.

fundi_msimbazi
Si ndiyo niliyouliza mapema! Kadi ya sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde haivuki nusu yake, 24 kHz. Mraba ndio kabisa, maana umejengwa kwa sini nyingi: wa 5 kHz unataka pia za 15, 25, 35 na kuendelea. Utabaki na 5 na 15 tu, na hilo ni wimbi la mabonde, si mraba. Tafuta moduli ya AD9833, chipu ya kutengeneza mawimbi, ifunge kwenye Arduino, ule ubao mdogo wa kuprogramu. Kwa saa ya 25 MHz inatoa mawimbi yote matatu, na unasogeza frikwensi kwa hatua isiyofika 0.1 Hz. Programu unayoipenda itabaki paneli ya kutuma namba kwa USB. Sini yake ni kama volti 0.6 kilele kwa kilele, kwa hiyo weka op-amp mbele ya kuikuza.

Bi_Saketi
Paneli? LabVIEW imeshinda basi.

puredata_mbagala
Imeshinda wapi? Pure Data nayo inaongea na USB kwa kisanduku cha nyongeza, comport.

dogo_wa_ubungo
AD9833 Kariakoo ipo?

kigamboni_volt
Piga simu kwanza. Na wasikuuzie moduli ya XR2206, chipu nyingine ya mawimbi, wakakwambia ni kitu kile kile. Hiyo unazungusha kwa mkono, haipokei amri ya kompyuta.

mzee_wa_oskilo
Nina oskiloskopu (mashine ya kuonyesha mawimbi) ya analojia, chaneli mbili, naiuza. Probu moja tu ndiyo nzima.

Bi_Saketi
Mzee, tupia picha na bei.

dogo_wa_ubungo
Wakuu, kwa hiyo niandike ipi kwenye fomu?