Naomba ushauri: mboji kwenye pipa la kuzungusha inagandana madonge

Habari zenu wadau. Hii ni wiki ya 6 tangu nianze kutengeneza mboji nyumbani kwa pipa la kuzungusha. Naweka maganda ya matunda na mabaki ya mboga, nalizungusha kila siku bila kukosa.

Shida ni kwamba vitu vimeviringika vikawa madonge mazito. Ukipasua donge, ndani kumelowa, maganda bado mabichi, na harufu ni ya kuchacha. Joto hakuna kabisa, wakati mboji inayochemka vizuri hufika nyuzi 55 na kuendelea.

Nahisi nimezidisha vitu vibichi. Juzi nimeongeza majani makavu na maboksi niliyoyachanachana, ila sina uhakika na kipimo: ndoo 2 za vikavu kwa 1 ya vibichi zinatosha? Halafu pipa limejaa karibu hadi mdomoni (hapo najua nimekosea), kwa hiyo hata nikizungusha havichanganyiki. Nipunguze hadi nusu?

Kinachonisumbua zaidi ni hiki: mnaacha lini kuongeza mabaki mapya? Nikiendelea hivi naona haitaiva kamwe. Sitaki kuimwaga, bustani inaisubiri. Waliowahi kulitumia, nisaidieni tafadhali.