Laki saba ipo mkononi, kausha damu inanidai: niwapeleke watoto Kigoma au nilipe?

Mwalimu wa Ipuli:
Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa kweli, hata kama utauma.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali hapa Tabora, mke wangu anauza chakula, tuna watoto watatu. Kwetu ni Ujiji. Mama yuko kule, umri umekwenda, na mtoto wetu wa mwisho hajawahi kumwona bibi yake ila kwenye simu. Tuliwaahidi watoto kwamba Desemba tunapanda treni hadi Kigoma, tunalala hoteli ya ufukweni, tunaenda Gombe kuona sokwe, halafu tunamalizia kwa bibi. Kwa hesabu yangu haipungui laki nane na nusu. Nimeshaweka saba.

Saccos wanakata kwenye mshahara, huko sina wasiwasi. Shida ni kwamba mama alipolazwa nilichukua kausha damu, mkopo wa mtaani wa laki tano, riba asilimia 20 kwa mwezi. Kila mshahara ukitoka napeleka laki moja, na ile laki tano iko palepale. Kadi yangu ya benki anayo huyo mkopeshaji. Dukani tunadaiwa unga na mafuta, elfu tisini. Mkubwa amemaliza la saba, Januari anaingia kidato cha kwanza.

Mke wangu anasema twende, mama hatatusubiri. Mimi usingizi sipati.

Mpiga Hesabu:
Mkuu, usiende popote. Laki moja kwa mwezi ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka, na bado utadaiwa laki tano. Lipa wiki hii, kabla ya mshahara, riba nyingine isije ikakukuta.

Mama Wawili:
Kaka, pole kwa kuuguliwa. Mpiga Hesabu yuko sawa kwenye hesabu, ila kuna bibi ambaye mjukuu hamjui. Mimi niliahirisha safari ya nyumbani mpaka nikaenda kwa msiba. Lipa, lakini usimnyime mama. Au mtumie nauli aje yeye?

Mwalimu wa Ipuli:
Dada, miguu inamsumbua, treni haiwezi.

Binti wa Kibirizi:
Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa Kigoma, ngoja nikwambie ya huku. Gombe ni pazuri, lakini watoto wadogo hawaruhusiwi kuingia msituni kufuatilia sokwe. Utalipa boti na viingilio, halafu mmoja wenu abaki nao ufukweni. Ziwa Tanganyika ni lilelile, na Ujiji unaliona bure! Wapeleke mwaloni asubuhi waone dagaa wanavyoanikwa. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wanatoka na taa, ziwa zima linawaka. Na huyo mkubwa mpeleke kwenye kumbukumbu ya Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, atakutana nao kwenye Historia. Hoteli ya nini na nyumba ya bibi ipo?

Mtumishi Mwenzako:
Mwalimu, nauli ya likizo umeomba? Ni haki yako kila baada ya miaka miwili, wewe, mwenza na watoto, mpaka nyumbani kwenu.

Mwalimu wa Ipuli:
Zamu yangu ni mwaka huu, nimejaza fomu. Hela haijatoka.

Mtumishi Mwenzako:
Basi usiipangie mpaka uione kwenye akaunti. Wengine wanaipata likizo imeshaisha. Ikitoka, iende dukani na kwenye sare. Shule ya serikali ada hakuna, lakini godoro, sare, viatu na madaftari ni juu yako.

Mpiga Hesabu:
Kwa Ujiji tu bila hoteli, nalegeza kamba. Ila deni kwanza. Na usitoe hata senti kabla kadi haijawa mkononi. Andikishaneni kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba umemaliza, halafu siku hiyohiyo badilisha namba ya siri. Nimeona mtu amelipa yote na mwezi uliofuata mshahara ukatolewa tena.

Mwalimu wa Ipuli:
Nawashukuru sana. Nimekaa na mke wangu jana usiku, tumesoma yote pamoja. Laki tano inalipwa Ijumaa, mwenyekiti nimeshaongea naye. Mwenye duka amekubali tumpe nusu sasa, nusu mwezi ujao. Gombe na hoteli tumefuta. Mkubwa alinuna, ila aliposikia habari za taa za wavuvi akauliza kama babu yake naye alikuwa akivua. Alikuwa akivua. Tutaenda Ujiji Desemba, daraja la tatu. Tiketi nikate mapema kiasi gani?

Mama Wawili:
Mapema iwezekanavyo kaka, Desemba treni inajaa. Na shemeji apike chakula cha njiani, watoto wasije wakawamalizia hela kwa kununua kila kituo.

Binti wa Kibirizi:
Msikose shuka za kujifunika, usiku behewani kuna baridi. Mama msalimie sana.